Uzi: Mwaka na ushee nikimlisha mbwa nyama mbichi hapa Mtwara, yaliyonikuta

Mvuvi wa Nchi Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu. Leo naandika kwa sababu kila wiki mtu anauliza mbwa alishwe nini, na kila wiki anatokea mmoja anajibu, "Mpe nyama mbichi, ndicho chakula chake cha asili, achana na ugali." Huyo mmoja nilikuwa mimi.

Naishi Mtwara mjini, upande wa Shangani. Mwaka jana mwezi wa pili nililetewa kutoka Dar mtoto wa German Shepherd, dume, wiki nane, masikio bado yamelala. Nikamwita Askari. Wakati huo nilikuwa nimekolea video za YouTube, wazungu wanamwaga bakuli la nyama nyekundu, moyo, shingo ya bata, na mbwa manyoya yanang'aa kama kapakwa mafuta ya nazi. Nikasema wa kwangu hatauonja ugali wa pumba.

Nikafanya urafiki na jamaa mmoja wa bucha. Kila asubuhi nusu kilo ya nyama ya ng'ombe iliyochambuliwa, haina mfupa, haina mafuta. Mfupa niliuona kama kumpunja mtoto. Miezi miwili ya kwanza raha tupu. Choo kidogo na kikavu, harufu hakuna, meno meupe, nguvu za kumwaga. Majirani wakawa wanapita kumtazama na mimi nawapa somo bure.

Alipofika miezi minne na ushee akaanza kupenda kukaa. Nikasingizia joto. Kisha akawa anakataa kupanda ngazi moja ya baraza, na miguu ya mbele ikaanza kutanuka, viganja vinalala chini kama mtu aliyevaa kandambili kubwa. Asubuhi moja alimkimbilia mama wa maandazi getini, akateleza kwenye sakafu. Kilio alichokitoa sitakisahau. Mguu wa nyuma ulikuwa umevunjika, kwa kuteleza tu.

Afisa mifugo alikuja na bodaboda. Akampapasa mguu mmoja mmoja, taratibu, kisha akauliza, "Anakula nini?" Nikamjibu kwa majivuno kabisa. "Na mfupa?" Simpi. Akanyamaza, akavua kofia.

Nilivyomwelewa ni hivi. Mbwa anahitaji kalsiamu iizidi fosforasi kidogo, kama 1.2 kwa 1. Nyama tupu imegeuka kichwa chini miguu juu, fosforasi yake ni mara 15 hadi 20 ya kalsiamu. Na damu haiwezi kukaa bila kalsiamu, moyo na misuli vinaitegemea. Ikipungua, kuna vitezi vidogo shingoni vinatoa amri ichotwe kwenye mifupa. Mtoto anakua na mifupa yake inachotwa wakati huohuo. Alivyoniambia yule bwana: "Mwanao amekuwa akijila mwenyewe."

Wiki sita Askari alikaa kwenye kibanda kidogo asiruke, mguu umefungwa, anakula chakula cha mfuko cha watoto wa mbwa nilichokuwa naagiza kwa basi kutoka Dar. Alipona. Mguu una kapindo kidogo, mgeni hakioni, mimi nakiona kila siku.

Nyama mbichi sikuiacha yote. Nitaeleza chini ninachofanya sasa. Karibuni, matusi pia ruksa.

Kolekole77

Mkuu pole, ila nusu kilo ya nyama iliyochambuliwa kila siku?? Huyo mbwa anatafuta mdogo wake? Nipo tayari, nabweka vizuri tu.

Ngedere Sumu

Hahaha. Huku Newala mbwa anakula ugali wa makopa na kichwa cha samaki, usiku anakesha shambani na nguruwe pori. Nina jike mwaka wa kumi na moja huu, sasa hivi yuko chini ya mkorosho ananitazama. Nyama anaiona Idi na Krismasi.

Swali moja kwa mleta uzi. Hao wazungu wa video hawakusema mfupa?

Mvuvi wa Nchi Kavu

Walisema, mkuu, ndiyo aibu yangu. Hesabu yao mashuhuri ni nyama 80, mfupa unaolika 10, viungo vya ndani 10, na katika hiyo kumi ya mwisho nusu tu ndiyo maini. Mimi nilichukua ile 80 nikaacha zingine kwa sababu ndiyo ilikuwa inapendeza kwenye picha.

Mwinda Liwale

Mnamkatisha mbwa tamaa ya uumbaji wake. Babu yangu alikuwa na mbwa, baba alikuwa na mbwa, mimi ninao watano hapa Liwale. Wanakula matumbo mabichi, mapafu, bandama, kichwa, kila kinachoanguka tunapochinja. Hakuna aliyevunjika mguu kwa kumfuata muuza maandazi. Tatizo la huyu ndugu alimlea mbwa kama mtoto wa kishua. Mbwa ni mbwa mwitu aliyezoea watu. Mbwa mwitu anapika?

Nipo Naliendele

Mkuu Mwinda, kwenye kuvunjika mguu umepatia bila kujua. Wa kwako wanatafuna kichwa na mbavu, mfupa wanaupata. Wa mwanzisha uzi hakuupata.

Ila la mbwa mwitu limepitwa. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walilinganisha vinasaba vya mbwa na mbwa mwitu (yule wolf wa wazungu, si huyu wa mbugani kwetu). Ile jeni ya kutengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga, mbwa mwitu ana nakala 2, mbwa wa nyumbani ana kuanzia 4 hadi 30. Maelfu ya miaka ya kulala nje ya jiko la binadamu yamembadilisha. Ugali ukiiva vizuri anausaga. Hautoshi peke yake, lakini kusema si chakula chake si kweli.

Na huu mtindo wa mbichi si wa kale kama unavyotangazwa. Aliyeuvumisha ni daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, mwaka 1993. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kilitoa msimamo mwaka 2012 kupinga kumpa mbwa nyama ambayo haijapita kwenye moto. Sababu yao kubwa ni watu wa nyumba ile, kuliko hata mbwa. Kule Kanada mwaka 2002 walipima mbwa wachache, kumi tu waliokuwa wakilishwa mbichi. Vyakula vinane kati ya kumi vilikuwa na salmonela, bakteria wa kuharisha, na mbwa watatu waliitoa kwenye kinyesi wakiwa wazima kabisa. Ni utafiti mdogo, sawa. Ila mbwa anayelamba watoto usoni, huku hana hata dalili, jifikirie.

Mwinda Liwale

Sweden, Kanada, Australia. Hakuna aliyekuja Liwale kupima?

Mzee Kwato

Nimekuja mimi, mwanangu.

Nimekagua nyama mkoa wa Lindi miaka 27, sasa nimestaafu, nafuga kuku. Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu kidogo, maana hili la mapafu limenikalisha usiku.

Kalsiamu ni ugonjwa wa mbwa wa tajiri. Ugonjwa wa mbwa wa machinjioni ni mwingine. Ukipasua mbuzi, kondoo au ng'ombe, mara nyingine unakuta kwenye pafu au ini vifuko vyeupe vyenye maji, kimoja kama korosho, kingine kama chungwa. Mkaguzi anaukata upande ule na kuutupa. Sheria inataka kilichokataliwa kizikwe au kichomwe. Sasa niwaambie kinachotokea. Mkaguzi akigeuka, pale nje ya ukuta kuna vijana watatu na mbwa sita. Na kwenye machinjo ya porini au ya sherehe, mkaguzi mwenyewe hayupo. Mama anasema pafu hili bovu, anamrushia mbwa.

Kile kifuko si maji matupu. Ndani kuna vichwa vya tegu kwa maelfu, vidogo kama mchanga mwembamba. Mbwa akimeza, kila kichwa kinashika kwenye utumbo wake kinakuwa tegu. Si hili tegu refu mnalolijua. Huyu mzima hafiki hata punje ya mchele. Mbwa anaweza kuwa nao maelfu na akanenepa, akacheza, usimdhanie. Baada ya wiki sita au saba hivi mayai yanaanza kutoka kwenye kinyesi. Yanashika kwenye manyoya, majani, mchicha, maji ya kisima kisichofunikwa. Mbuzi akila, kifuko kinaanza tena. Mtoto akimshika mbwa kisha akala embe bila kunawa, kifuko kinaota kwa mtoto. Kwenye ini, kwenye pafu, mara chache kwenye ubongo.

Na kinaota polepole. Miaka mitano, kumi, hata zaidi, bila maumivu. Siku mtu anaenda hospitali tumbo limejaa upande wa kulia, hakuna anayemuuliza habari za mbwa aliyekuwa naye utotoni.

Kwa hiyo Mwinda, babu yako na baba yako siwezi kuwasema. Nakuambia tu kwamba kutoona mtu akifa haina maana hakuna kitu. Huyu mdudu hana haraka.

Mapafu na maini chemsha dakika 40 tangu maji yanapotokota, kwa vipande vidogo. Kifuko ukikiona, usikipasue, zika pafu zima kina ambacho mbwa hafukui, au choma.

Mwinda Liwale

Mzee shikamoo. Sikujua kama ni wewe umeshika kalamu.

Bado nabisha kidogo. Ubongo wa mbuzi nao tusiwape? Maana hapa wafugaji waliohamia huku kutoka juu wanaturuhusu kuchukua vichwa.

Mzee Kwato

Marahaba. Ubongo ndiyo usiseme. Umewahi kuona mbuzi anazunguka mahali pamoja kama anatafuta mkia wake, kichwa kimeinama upande mmoja? Wamasai wanauita ormilo. Ni kifuko cha tegu mwingine, kimekaa kwenye ubongo. Mwenye mbuzi anamchinja kabla hajafa, kichwa anapewa nani? Mbwa. Mbwa anatoa mayai kwenye malisho yaleyale. Mfugaji anajimalizia mbuzi wake mwenyewe na analaumu malisho ya kusini.

Binti Mikindani

Asalaam aleykum na habari zenu. Sisi mbwa tumeletewa na mume wangu, wa kulinda, baada ya kuibiwa mara mbili. Mimi kwa kweli nilikuwa simtaki uani. Nimesoma hapa nimezidi kuogopa. Maswali yangu.

Moja, vyombo. Sisi tunajua chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Je hii ya nyama mbichi ikinidondokea jikoni nifanyeje?

Mbili, nina friji moja tu, na umeme mnaujua wenyewe.

Tatu, hapa samaki ni rahisi kuliko nyama. Nimpe samaki mbichi? Kuna mtu kaniambia wabichi wanampa nguvu.

Mvuvi wa Nchi Kavu

Waaleykum salaam dada. La dini nawaachia wanaojua, lakini kufuga wa kulinda naona mashekhe wengi wanaruhusu, na kumtengea vyombo vyake kunakuondolea tabu zote mbili kwa mpigo. Mimi Askari ana sufuria yake, mwiko wake, kisu chake na kibao chake, vyote vimepakwa rangi nyekundu mpini, vinakaa nje kwenye ndoo yenye mfuniko. Haviingii jikoni, jiko haliendi kwao. Nyama mbichi ikidondoka, sabuni na maji moto, kisha nawa mpaka kiwiko.

Friji ndiyo ilinishinda na mimi. Wale wa video wana friza kubwa inayokaa chini ya nyuzi 18 hasi mwezi mzima. Kugandisha hivyo kwa siku kadhaa kunaua vifuko na minyoo mingi, lakini bakteria haiwaui, inawalaza tu. Umeme ukikatika usiku kucha hapa Mtwara, kwa joto hili, wanaamka na kuzaana, na wewe asubuhi unaona nyama imeganda upya unadhani iko salama. Niliwahi kumpa Askari nyama ya namna hiyo. Siku tatu za kuhara na maji ya damu. Tangu hapo sigandishi, nanunua ya siku na inaingia kwenye sufuria siku hiyohiyo.

Samaki, kuna watu wa feri hapa wajibu.

Kolekole77

Nipo. Utani pembeni leo.

Dada, samaki mpikie. Mifupa ya kichwa cha changu au kolekole ukiichemsha muda mrefu, presha kuka ukiwa nayo, inalainika mpaka unaiponda kwa vidole. Ile miba migumu usimpe kama ilivyo. Dagaa wakavu wanamfaa sana, wanaliwa na mifupa yao, osha mchanga kwanza. Wale wa chumvi nyingi, ng'onda na wenzake, loweka na umwage maji au acha kabisa.

Na kitu cha pili, BUNJU. Watoto wa mjini hawamjui. Yule samaki anayejivimbisha kama mpira, wavuvi tunamtupa mchangani. Jirani yangu alikuwa na mbwa mzuri, mweusi, alikuwa akitusubiri mashua zikirudi. Siku moja akaokota bunju. Haikufika saa, midomo inacheza, miguu ya nyuma haina habari naye, kisha kifua kikasimama. Macho yapo wazi anakutazama. Sumu yake hata upike siku nzima haitoki. Mwenye mbwa anayezurura ufukweni, mfunge kamba wavu unapopakuliwa.

Nipo Naliendele

Niongeze kidogo kwenye samaki mbichi. Baadhi ya samaki, hasa jamii ya dagaa na wale samaki wadogo waitwao simu, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mbwa akiwala wabichi kila siku kwa wiki nyingi anaanza kukataa chakula, anayumba, mwisho degedege. Moto unakiharibu hicho kimeng'enya. Kwa hiyo dagaa wa kuchemsha hana shida.

Kijana wa Sabasaba

Nauza watoto wa mbwa chotara wazuri sana wiki sita njoo inboksi

Ngedere Sumu

Wiki sita unamtoa kwa mama yake, na bado unataka hela? Mods huyu wanamwacha?

Mama Tatu wa Mingoyo

Mimi nina shida karibu na hii. Nafuga kuku wa nyama. Ninapochinja, utumbo na vichwa nawapa mbwa vibichi. Mmoja sasa anameza kwa tabu, anatapika chakula hakijasagika, anakonda ingawa anakula. Nimempa dawa ya minyoo ya dukani mara mbili, hakuna kitu.

Mzee Kwato

Mama Tatu, mpeleke kwa daktari, usimpe ya tatu kwa kubahatisha. Kuna mnyoo mwekundu, spirosaka, anayekaa kwenye umio la mbwa na kutengeneza uvimbe. Njia yake ni tumbuzi, huyu dudu anayeviringisha mavi. Kuku akimla tumbuzi, mnyoo mchanga unajificha kwenye mwili wa kuku ukisubiri. Mbwa akila utumbo wa kuku mbichi anaupokea. Mjusi na panya vivyo hivyo. Huyu hasikii dawa ya kawaida ya dukani, ana matibabu yake na ni ya muda. Sisemi ndiyo huyo, sijamwona mbwa wako. Inaweza kuwa mfupa umekwama pia. Ulimpa mifupa ya kuku wa kukaanga?

Mama Tatu wa Mingoyo

Siku ya sherehe walipewa mabaki... ndiyo, yalikuwa na mifupa.

Mzee Kwato

Basi nenda kesho. Mfupa wa kuku uliopikwa unapasuka vijiti kama mianzi. Ukiwa mbichi unapindika na kusagika. Hapo tu ndipo wale wa mbichi wana hoja ambayo nawaunga mkono bila kusita.

Mvuvi wa Nchi Kavu

Na mfupa mbichi nao si wote. Nilimpa Askari mfupa wa paja la ng'ombe, ule mnene wa supu, akavunja jino kubwa la juu, lile la kukatia. Mfupa unaobeba uzito wa ng'ombe ni mgumu kuliko jino. Sasa anapata shingo za kuku au mbavu za mbuzi mara mbili kwa wiki, mbichi za siku hiyo, nikiwa nimesimama pale. Choo kikiwa cheupe na kinabomoka kama chaki, mifupa imezidi, napunguza.

Niliahidi kueleza ninachompa. Ana kilo 28. Wale wa mbichi wanasema mbwa mzima ale asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake, yaani gramu 560 mpaka 840 kwa siku. Pigeni hesabu ya mwezi: kati ya kilo 17 na 25. Nyumbani kwangu tupo watano na hatuli nyama kilo ishirini kwa mwezi.

Sasa hivi sufuria yake ni hivi. Dona au mchele wa kuvunjika, uive mpaka ulainike. Moyo, bandama, nyama ya kichwa au dagaa, vimechemshwa humohumo, sehemu kubwa kuliko watu wengi wanavyoweka, karibu nusu ya sufuria. Maini kipande kidogo mara mbili kwa wiki, yameiva. Boga au mchicha. Chumvi siweki, kitunguu ndiyo kabisa siweki, kinaharibu damu ya mbwa kiwe kibichi au kimepikwa. Na ganda la yai. Yanaoshwa, yanakaushwa juani, yanatwangwa kwenye kinu chake mpaka unga laini. Kijiko kimoja cha chai kina kama gramu 2 za kalsiamu. Mbwa wa kilo 20 anahitaji kama gramu 1.2 kwa siku, Askari kama gramu 1.6, kwa hiyo kijiko kasoro kidogo kinamtosha siku asizopata mfupa.

Hii ni ya mbwa MZIMA. Mtoto, hasa wa mbegu kubwa, usijaribu jikoni kwako. Nilitaka kumjazia Askari vidonge vya kalsiamu baada ya kuvunjika, afisa mifugo akanikemea. Kitoto cha mbwa mkubwa hakiwezi kukataa kalsiamu iliyozidi, kinaifyonza tu, na mifupa inaharibika upande wa pili.

Ngedere Sumu

Dona iwe safi lakini. Msimu uliopita nilitoa pumba zilizoingia maji, zina ukungu wa kijani, nikaona kwa mbwa si mbaya. Madume wawili. Macho yakawa njano kama bizari, wakaacha kula, mmoja alitapika damu. Nilibaki na yule jike kwa sababu alikuwa kwa kaka yangu. Sumu ya ukungu inakula ini, na kupika haiitoi. Karanga zenye ukungu pia. Tunaambiwa kila siku tusile sisi, basi tunaona mbwa ndiyo jalala.

Mwinda Liwale

Pole sana Ngedere.

Wangu mmoja jicho limeingia wingu la bluu, homa inakuja na kuondoka. Ni chakula?

Mzee Kwato

Liwale? Mwanangu hiyo si sufuria. Mbuga ipo jirani, ndorobo wapo. Nagana, ugonjwa unaoletwa na ndorobo, inampata mbwa na inaingia kwenye macho. Apimwe damu upesi, asisubiri Jumatatu. Maabara ya mifugo ya kanda ya kusini iko Mtwara, ila anza na afisa mifugo wa kata akuchukulie damu.

Na chanjo ya kichaa, wote watano, kila mwaka. Mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara, ilikuwa kwenye mradi mkubwa wa kutokomeza kichaa ulioanza 2010, mbwa walichanjwa kwa raundi, watu wakazoea ya bure. Raundi zilipokoma wengi wameacha.

Binti Mikindani

Nimempikia leo. Dagaa, dona, boga. Alipomaliza akalala mlangoni, sijui kama ni shukrani au kushiba. Sufuria yake nimeipaka rangi ya kijani maana nyekundu haikuwepo.

Mama Tatu wa Mingoyo

Ulikuwa mfupa. Umetolewa leo asubuhi. Ahsante Mzee Kwato, Mungu akuweke.

Mwinda Liwale

Mzee, wangu amechukuliwa damu. Majibu nitaleta.

Hiyo dawa ya tegu ninunue ipi, na kila baada ya muda gani? Siwezi kukuahidi nitachemsha kila kitu. Kuni zenyewe nani atatafuta? Ila mapafu na ubongo nimepiga marufuku, na watoto wangu nimewaambia.

Mzee Kwato

Omba yenye prazikwanteli, soma kwenye boksi, zingine za dukani hazina na tegu anazichekelea. Miligramu 5 kwa kila kilo ya mbwa. Mbwa anayekula mabaki ya machinjo kama wako, kila wiki sita, maana ukichelewa mayai yameshaanza kutoka. Kinyesi cha siku mbili tatu baada ya dawa zika au choma. Kwanza mpime uzito, usikadirie kwa macho.

Mwinda Liwale

Mbwa wangu hawapandi mizani mzee.

Mzee Kwato

Panda wewe peke yako, kisha panda umembeba, toa.

Mwinda Liwale

Mimi 71. Pamoja naye 93. Amenikojolea.

Mzee Kwato

Kilo 22, miligramu 110. Vidonge vingi ni vya miligramu 50, inatoka viwili na kipande, basi jazia mpe viwili na nusu, mfiche kwenye kipande cha ugali. Bado wanne.

Kolekole77

Vaa koti la mvua mkuu.